Mwenye Nyumba Akipita, Sema Biashara Ngumu

Ukitaka kujua kama duka linauza, usimuulize mwenye duka mbele ya mwenye nyumba wake. Hapa kwetu Sinza, mama mwenye fremu, yaani vyumba vya maduka tulivyopanga, akipita jioni kuwajulia hali wapangaji, swali ni lile lile na jibu ni lile lile. "Biashara inaendaje, mwanangu?" "Tunasukuma tu mama, hali ngumu." Dada wa vipodozi atasema hivyo. Wa chipsi atasema hivyo huku foleni imemzunguka. Na kaka wa vifaa vya simu, ambaye asubuhi kashusha mzigo wa maana kutoka Kariakoo, atashika kiuno na kutikisa kichwa kama aliyefiwa. Maboksi yenyewe yamewekwa kwa jirani mpaka mama apite.

Wala si uongo wa roho mbaya, ni hesabu. Mikataba mingi ya fremu Dar es Salaam ni ya mwaka mmoja, mingine miezi sita. Ukionekana unauza, mkataba ukiisha kodi inapanda, na kuhama huwezi kwa sababu wateja wameshakuzoea hapo. Wateja hao umewatafuta mwenyewe, kwa kuwakopesha, kuwasamehe na kufungua duka hata siku ya sikukuu. Lakini wamezoea ule mlango, na mlango si wako.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi, na kwa miaka mingi nimechapa mikataba ya pango ya fremu nyingi za mtaa huu na mitaa ya jirani. Faili liko kwenye kompyuta, nalifungua, nabadilisha majina, kiasi na tarehe, naprinti nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji, na ya ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti atagonga muhuri wake. Na mimi ni mpangaji kama wao. Kwa hiyo mabishano ya watu kuhusu fremu nayasikia karibu kila wiki, na yangu nayo ninayo.

Nikuambie kitu nilichokisikia kwenye benchi la wateja pale dukani. Ukubwa wa kodi haulalamikiwi kama watu wanavyodhani. Mfanyabiashara anajua bei ya eneo. Akiona ni ghali anakwenda ndani zaidi, barabara ya vumbi, analipa nusu. Kinachomkera ni kutojua mwakani atakuwa wapi na kwa bei gani. Nimewasikia watu wanaolipa fedha nyingi wakimsifu mwenye nyumba wao, na wanaolipa kidogo wakimlaani wao kila wakikaa kunywa kahawa.

Mkataba wenyewe ni ukurasa mmoja na nusu. Sikuutunga mimi, nilipewa na aliyekuwa akichapa kabla yangu, naye sijui aliutoa wapi. Vifungu vinavyomhusu mpangaji ni vingi: atalipa kwa wakati, hatapangisha mtu mwingine, hatabadilisha aina ya biashara bila ruhusa, atalipa umeme, maji, taka na mlinzi. Vya mwenye nyumba ni viwili, vitatu. Kisha kipo kifungu ambacho watu husaini bila kukisoma: ukarabati wowote ndani ya fremu ni juu ya mpangaji, na mpangaji hatadai gharama hizo atakapohama.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ni nzuri kuliko karatasi yetu. Imeingiza ndani ya mikataba ya pango ahadi za mwenye nyumba hata pale ambapo hakuna aliyeziandika: mpangaji akae bila kusumbuliwa, na jengo likiwa limepangishwa kwa vipande, basi paa, kuta kubwa na mifereji mikuu ni kazi ya mwenye nyumba kuitunza. Isipokuwa, bila shaka, wawili hao wawe wamekubaliana vinginevyo. Na kile kifungu kinachosainiwa bila kusomwa ndicho hicho vinginevyo. Mpangaji amesaini kujinyang'anya paa, masika hayajafika.

Sasa tuhesabu. Chukua fremu ya Sh 300,000 kwa mwezi, kwa mfano. Mwenye nyumba anataka mwaka mzima, Sh 3,600,000. Dalali aliyekuonyesha anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh 300,000. Ukienda TRA, mamlaka ya mapato, kufanyiwa makadirio wanataka kuuona mkataba, na mkataba una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, Sh 36,000. Bado hujapaka rangi, hujanunua rafu, hujalipia leseni. Halafu inakuja ile asilimia 10.

Hapo ndipo urafiki mwingi unapofia. Kwa sheria, mfanyabiashara anayepanga anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango, aipeleke TRA kama kodi ya zuio, na mwenye nyumba apokee inayobaki. Mzigo ni wa mwenye nyumba, maana ndiye mwenye kipato. Mpangaji ni tarishi tu. Kwenye mfano wetu zuio ni Sh 360,000, na mama anatakiwa apokee Sh 3,240,000 pamoja na karatasi ya kuonyesha kwamba zuio limelipwa. Safi kabisa. Jaribu sasa kumwambia.

"Mwanangu, mimi nimekuambia laki tatu. Hayo ya TRA ni yako na TRA."

Nimewahi kuona mkataba ukichanwa mbele ya printa yangu, wino haujakauka, kwa sababu ya mstari huo mmoja. Mwenye nyumba alisema kwa upole tu kwamba wapo wengine wanaoitaka fremu na hawana maneno mengi. Alikuwa anasema kweli. Kwa hiyo mpangaji anaitoa asilimia 10 mfukoni mwake, juu ya kodi kamili, na kila mwaka anakumbuka. Mwingine anatafuta njia ya mkato: mkataba wa kweli kabatini, na mwingine wa kupeleka TRA unaoonyesha nusu ya kodi. Hiyo ya pili mimi sichapi, lakini wa kuichapa hawakosekani. Mwenye nyumba anaipenda, mpangaji anaipenda, mpaka siku wanapogombana. Siku hiyo mpangaji anataka kudai fedha yake ya miezi iliyobaki, na karatasi pekee yenye muhuri inasema alilipa nusu.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nayo ina yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 5,000 kwa kila ghorofa; Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni aliyepanga, na serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe. Wamalizane! Nani anamfuata mama wa miaka sabini kumdai Sh 1,500? Unanyamaza. Mwezi ukianza unanunua umeme wa elfu kumi, uniti zinakuja pungufu, unanyamaza tena. Fedha ni ndogo; ila mtu akinyamazia vitu vidogo vingi, siku akija kusema anasema vyote kwa pamoja, na kwa sauti ambayo hailingani na Sh 1,500.

Na usinianzishe kuhusu fremu tano mita moja. Saluni ina drayer mbili, mwenye juisi ana friji na blenda, fundi cherehani ana pasi, mimi nina mashine ya kopi. Kila mmoja anaamini mwenzake anamnyonya. Mwenye nyumba angeweza kuweka sabmita, mita ndogo ya kila fremu, jambo la siku moja, na amani ingerudi. Haweki kwa sababu yeye umeme haumhusu.

Lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kuogopa kuboresha. Tazama fremu ya mwaka mmoja ilivyo. Rafu zimeshikwa na misumari miwili miwili ili zing'oke haraka. Sakafu ni ile ile ya saruji iliyopasuka, imefunikwa na kapeti la plastiki. Dari linavuja, ndoo iko pembeni. Ukimuuliza mwenye duka kwa nini asitengeneze, atakucheka. Palikuwa na dada mmoja wa saluni hapa mtaani ambaye hakuogopa. Aliweka tailizi, akavuta maji mpaka ndani, akajenga sinki la kuoshea nywele, akaweka kioo ukuta mzima na taa nyeupe zilizofanya hata sisi majirani tuonekane wachafu. Mwaka ulipoisha kodi ikatoka Sh 350,000 kwenda Sh 500,000. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba fremu sasa ni ya kisasa. Akahama. Aliyeingia naye ni wa saluni, amekuta sinki lipo, na kile kioo kipo, kwa sababu kukibandua bila kukivunja ilishindikana.

Mtaa mzima uliiona hesabu hiyo. Tangu hapo sijaona aliyeweka tailizi.

Sasa niwatendee haki wenye nyumba, maana nawachapia na wao barua. Hadithi ya bepari mwenye tumbo anayekusanya kodi kwa gari haifanani na watu ninaowaona. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na vilikuwa vya watu kujenga nyumba za kuishi. Fremu zilikuja baadaye: ukuta wa mbele umebomolewa, sebule imekuwa duka, bustani imekuwa maduka matatu. Wenye hizo fremu ni walimu wastaafu, manesi wastaafu, wajane, na zaidi ya wote ni warithi. Hakuna aliyewafundisha kupangisha. Wameamka siku moja wakakuta barabara imewafuata nyumbani.

Hapo kwa warithi ndipo lilipo jibu la maswali mengi. Mzee amefariki, ameacha watoto sita na fremu nne. Msimamizi wa mirathi anataka kodi ya mwaka mzima, si kwa tamaa, bali kwa sababu ndugu watano wanasubiri mgao. Fedha inaingia Jumatatu, Jumanne imeshagawanywa. Ya huyu imekwenda ada ya shule Morogoro, ya yule imelipa deni la kikoba. Mwezi wa nne masika yakifika na paa likianza kuvuja, mpangaji anapiga simu, na msimamizi hana hata shilingi ya kununulia bati. Atawaomba ndugu zake wachange? Warudishe walichokula? Paa la watu sita halina mwenyewe. Mpangaji anaona dharau, kumbe upande wa pili kuna mtu amezima simu kwa aibu.

Wana malalamiko yao pia, tena ya haki. Yuko mpangaji aliyeomba fremu ya steshenari (namfahamu, alitaka kuwa mshindani wangu) na baada ya mwezi ikawa sehemu ya bia na muziki mpaka usiku wa manane, watoto wa nyuma wasilale. Yuko anayemegea wengine: anapanga fremu moja kwa laki tatu, anaigawa kwa watu watatu kila mmoja laki mbili, na mwenye nyumba anagundua kwamba mpangaji wake anaingiza kuliko yeye. Na wapo wanaofunga mlango usiku na kutoweka na deni la miezi, wameacha bili ya maji na kufuli ambalo hakuna mwenye ufunguo wake.

Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya 1984, ambayo haikumwacha mwenye nyumba apandishe au afukuze apendavyo. Ilifutwa 2005, na tangu hapo bei na muda ni maelewano ya watu wawili. Wakigombana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui. Kwetu hapa kwenda barazani ni kama kutangaza kwamba umeshahama. Kesi itasikilizwa miezi, na mkataba wako unaisha Desemba.

Wakenya wana kitu ambacho huwa nakitamani na kukicheka kwa wakati mmoja. Wana sheria ya tangu 1965 inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao lakini hauzidi miaka mitano, wewe ni mpangaji mwenye ulinzi: mwenye jengo akitaka kukutoa au kupandisha kodi lazima akupe ilani ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, nawe ukiipinga unakwenda kwenye baraza lao la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo wa Nairobi walifanya nini? Wakaanza kuandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu. Miezi mitatu ya kuruka ukuta. Lakini angalia matokeo yake: anayekwepa sheria anajikuta amempa mpangaji zaidi ya miaka mitano. Mimi ningeusaini huo ukwepaji leo hii.

Kariakoo ni dunia nyingine na siwezi kuimaliza hapa. Kule fremu ina kilemba, yaani fedha unayompa anayekuachia nafasi kabla hata hujaifikia kodi, na kilemba cha mlango mzuri kinaweza kuzidi mtaji wa duka zima la Sinza. Kwa muda mrefu wapo waliodaiwa kodi kwa dola, wakauza kwa shilingi na kulala wakiota viwango vya kubadilisha fedha. Kanuni za Machi 2025 zilizuia kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, na pango limo. Na Kariakoo ndiko tulikoona, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa likianguka na watu ndani yake, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kila mwenye duka ninayemfahamu kule alijiuliza swali moja: jengo langu je? Hakuwa na wa kumuuliza. Kodi anampa dalali au msimamizi, mmiliki hajawahi kumwona, na kifungu kinachosema mpangaji ana haki ya kuonyeshwa cheti cha ukaguzi hakimo kwenye mkataba wowote niliowahi kuuchapa.

Basi, mwenye nyumba anayependwa anafanya nini? Ninaye mmoja wa kumtolea mfano, mzee mstaafu mwenye fremu tano karibu na kituo cha daladala. Kodi zake si za chini, niseme mapema. Kila akipokea fedha anaandika risiti kwenye kitabu chenye kaboni, hata ukimpa elfu ishirini ya deni. Simu yake anapokea mwenyewe. Paa likivuja anakuja na fundi, anasimama chini na kofia yake ya kiua, anamwelekeza fundi pa kupiga msumari mpaka fundi anakasirika. Zuio linakatwa kwenye kodi yake, anataka tu karatasi ya TRA aiweke kwenye faili. Na mikataba yake ni ya miaka mitatu, ongezeko la kila mwaka limeandikwa kabisa, asilimia 5, kwa hiyo kila mtu anajua mwaka wa tatu atalipa ngapi.

Fremu zake hazijawahi kufika kwa dalali. Mtu akihama, aliyepo jirani anamleta ndugu yake. Mle ndani ndimo utakapokuta tailizi, rafu za aluminiamu, bango lenye taa. Nilimuuliza siku moja kwa nini hafanyi mwaka mmoja mmoja kama wenzake, angevuna zaidi. Akaniambia kwamba fremu ikikaa tupu miezi miwili, ile nyongeza yote uliyoipigania imeliwa na kufuli. Mzee alikuwa mhasibu.

Hata hivyo naye akipita akauliza biashara inaendaje, wanamjibu hali ngumu. Ni mazoea tu sasa.

Siku hizi nimeongeza kifungu kwenye faili langu. Kinasema mkataba ukiisha, mpangaji aliyepo apewe nafasi ya kwanza, na kodi isiongezeke kwa zaidi ya asilimia fulani. Namba nimeiacha wazi waijaze wenyewe. Kingine kinasema mpangaji akifanya ukarabati wa kudumu kwa idhini ya maandishi, gharama itakatwa kwenye kodi kidogo kidogo. Nawasomea wote wawili kabla ya kuprinti. Wenye nyumba wengine wananiambia nifute, nafuta. Mmoja aliandika 50 kwenye ile nafasi, akacheka sana. Walionishangaza ni wapangaji: wapo wanaonikonyeza nikitoe, wanaogopa mwenye nyumba atawaona wajuaji kabla hata hawajakabidhiwa funguo.

Juzi walikuja mama mmoja na kijana anayefungua duka la viatu. Mama alikisoma mara mbili, akasogeza miwani, akaandika 10. Kisha akamgeukia kijana: "Lakini mwaka mzima unanipa leo?" Kijana akasema ana miezi sita, nyingine atatoa mwezi wa saba. Wakatoka nje kuzungumza. Waliporudi ilikuwa miezi tisa, na zuio wagawane nusu kwa nusu. Nikawaambia sheria haisemi hivyo. Mama akasema anajua, nichape.